Sahihisho la Maneno Thelathini

"Nani hapa ana ndugu anayegombea?"

Swali liliulizwa mara moja tu, alasiri ya siku moja kabla ya uchaguzi, katika chumba cha mikutano cha kituo cha televisheni. Wanafunzi kumi na wawili wa uandishi wa habari walikuwa wameketi kuizunguka meza ndefu, kila mmoja na daftari jipya. Aliyeuliza alikuwa mhariri wa zamu, mama mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Wafanyakazi walimwita Rula kwa sababu hakuwahi kupinda. Mwenyewe alilijua jina hilo na wala hakulichukia.

Mikono miwili iliinuka. Mmoja alisema shemeji yake anagombea udiwani, mwingine akasema ni baba yake mdogo. Rula aliandika, akasema, "Ninyi kesho mtakaa na watu wa kamera. Hamtagusa takwimu. Si adhabu, ni utaratibu."

Mkono wa tatu ulipaswa kuinuka. Mwenye mkono huo aliukalia.

Alikuwa binti wa mwaka wa tatu, na nyumbani kwao walimwita Kiredio. Jina hilo alilipata akiwa na miaka mitano, alipokuwa akisimama mlangoni na kurudia taarifa ya habari neno kwa neno, pamoja na matangazo ya vifo, mpaka wageni wakaogopa. Shangazi yake, dada wa pekee wa baba yake, ndiye aliyemlipia karo ya mwaka wa kwanza chuoni. Shangazi huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mwaka huu alikuwa anagombea ubunge katika jimbo la kwao, mwendo wa siku nzima kutoka hapo mjini.

Kiredio hakunyamaza kwa nia ya kumpendelea mtu. Alinyamaza kwa sababu meza ya takwimu ndiyo iliyokuwa moyo wa usiku ule, na kazi ya kuwashikia watu wa kamera nyaya aliifanya muhula uliopita mpaka akachoka. Akajiambia kwamba majimbo ni mengi, la shangazi liko mbali, tena shangazi anatumia jina la mumewe. Moyo ukitaka jambo haukosi wakili.

Usiku wa uchaguzi chumba cha habari kilikuwa na baridi kama jokofu, kwa sababu mitambo haipendi joto. Simu zote binafsi ziliwekwa ndani ya boksi la karatasi kando ya mlango. Meza ya takwimu ilikuwa na simu nne za mezani na kompyuta nne. Wanafunzi walikaa wawili wawili: mmoja anapokea simu na kuandika kwenye fomu, mwenzake anaingiza kwenye kompyuta. Akibonyeza kitufe cha mwisho, namba inatokea kwenye skrini kubwa nyuma ya mtangazaji, na nchi nzima inaiona. Ukutani Rula alikuwa amebandika karatasi yenye herufi kubwa: JINA. NAMBA. RUDIA VYOTE VIWILI. TIA SAINI.

Mwenzake Kiredio alikuwa kijana mmoja aliyekuja na suti ya vipande vitatu kwa kudhani kwamba angetokea kwenye kamera. Kufikia saa moja usiku kila mtu alikuwa anamwita Suti.

"Nilimwambia mama anirekodi," alimnong'oneza Kiredio. "Sasa atarekodi kura za watu wengine usiku kucha."

Kiredio alicheka, kisha akaivuta karatasi ya majimbo waliyopangiwa. Yalikuwa kumi na manne. Jimbo la shangazi lilikuwa la tisa.

Aliitazama karatasi ile kwa muda. Rula alikuwa hatua nne tu kutoka pale, akimkaripia fundi kuhusu saa ya ukutani iliyokuwa nyuma kwa dakika mbili. Bado palikuwa na nafasi ya kusema. Simu ikalia, akaipokea, na nafasi ikapita.

Kazi ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuifanya. Katika kila jimbo palikuwa na mwandishi aliyesimama ndani ya ukumbi wa kujumlishia kura. Msimamizi akitangaza matokeo ya kata, mwandishi anapiga simu. Wengine walipiga kelele kana kwamba wako ng'ambo ya mto, wengine walinong'ona kama wezi. Kufikia saa nne vidole vya Kiredio vilikuwa na wino na sikio lake la kushoto lilikuwa la moto. Katika jimbo la shangazi kata nne zilikuwa zimetangazwa kati ya sita, na shangazi alikuwa nyuma ya mbunge aliyekuwepo kwa kura elfu moja na mia moja. Kiredio aliziandika namba zile kama alivyoandika nyingine, isipokuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri zaidi kidogo.

Saa nne na dakika ishirini mwandishi wa jimbo hilo alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imekauka, na nyuma yake watu walikuwa wanaimba.

"Dada wa studio, andika haraka, betri inaniaga. Kata ya sokoni. Elfu sita mia nne na kumi na mbili. Elfu mbili na themanini na saba. Waliobaki hawafiki mia."

"Picha ya ubao utatuma?"

"Mtandao umekufa hapa. Nikipata, nitatuma."

"Narudia," alisema Kiredio. "Elfu sita mia nne na kumi na mbili. Elfu mbili na themanini na saba."

"Hizo hizo!"

Simu ikakatika. Kwenye fomu, mgombea namba moja alikuwa shangazi na namba mbili alikuwa mbunge. Kiredio aliandika namba ya kwanza kwenye mstari wa kwanza, ya pili kwenye mstari wa pili, akatia saini, akampa Suti. Suti akabonyeza.

Shangazi aliruka mbele kwa kura elfu tatu na zaidi. Ilibaki kata moja ndogo, ambayo wapiga kura wake wote hawakufika elfu tatu. Mtangazaji, bwana mwenye sauti nzito iliyojulikana kila nyumba, aligeukia skrini na kusema kwamba hapa sasa tunashuhudia mwalimu mstaafu akielekea kumwangusha mbunge wa vipindi vitatu. Mtu mmoja chumbani alipiga mluzi. Kiredio aliinamia fomu inayofuata ili uso wake usionekane, kwa maana ulikuwa unacheka wenyewe.

Aliendelea na kazi kwa saa nzima. Alikula nusu ya mkate wenye yai uliokuwa umepoa. Saa tano na nusu Rula alimgusa bega na kumwambia aende akanyooshe miguu dakika kumi.

Alichukua simu yake kwenye boksi, akatoka hadi kwenye korido. Simu zilizokosa kupokewa zilikuwa ishirini na tatu. Ujumbe wa mama yake ulikuwa wa kwanza: "Kiredio, umeona? TUMESHINDA! Shangazi yako ni mheshimiwa!" Halafu kulikuwa na video. Uwanja wa nyumba ya shangazi ulikuwa umejaa watu. Binamu zake walikuwa wamebeba viti vya plastiki vichwani na kucheza navyo. Mtu alikuwa anapiga sufuria. Katikati ya vurugu ile shangazi alikuwa ameketi, kashika tama, anatazama kamera bila kutabasamu.

Kiredio aliirudia video mara tatu. Mara ya kwanza alifurahi. Mara ya pili alidhani shangazi amechoka. Mara ya tatu alikumbuka maneno aliyoyasikia kwa masikio yake mwenyewe, wiki mbili zilizopita, shangazi alipokuwa anapanga ratiba ya mikutano: "Sokoni sitapata hata kura za kunionea huruma. Yule bwana ndiye aliyewajengea vibanda. Ningekuwa muuza nyanya, hata mimi ningempa."

Elfu sita, tena sokoni?

Alirudi mezani kabla dakika kumi hazijaisha, akaivuta fomu ile kutoka kwenye faili, akampigia mwandishi wa jimboni. Simu ya kwanza haikuita. Ya pili haikuita. Ya tatu ikapokewa.

"Kaka, ni mimi wa studio. Ile kata ya sokoni, elfu sita ni ya nani?"

"Ya mbunge, ya nani tena? Mimi siku zote naanza na aliyeongoza, ila zile kata nne nilitaja na majina. Kwani mmeandikaje? Huku ukumbini hatuna TV, lakini nje nasikia watu wa mwalimu wanashangilia, nikadhani wamelewa."

"Nimeandika kinyume," Kiredio alisema.

"Ala!" alisema mwandishi. Kisha, kwa upole, "Basi geuza, dada. Geuza haraka. Huku nje kuna makundi mawili, na la pili halishangilii."

Aliweka simu chini. Suti alikuwa amesikia yote. Alilegeza tai yake na kusogea karibu.

"Sikiliza," alinong'ona. "Nageuza hizi namba sasa hivi, kimya kimya. Skrini inabadilika, nani atakumbuka? Watu wanatazama majimbo zaidi ya mia mbili. Ukienda kwa Rula sote wawili tumekwisha. Mimi ndiye niliyebonyeza."

Ushauri ule haukuwa wa kijinga, na Kiredio aliupima. Namba zingekuwa sahihi. Hakuna ambaye angeitwa ofisini. Lakini watu wa uwanjani kwa shangazi wangeona ushindi wao unayeyuka bila neno, na wangeamini kilicho rahisi kuaminiwa usiku wa uchaguzi, kwamba mtu ameiba. Angetafutwa wa kupigwa. Na vile viti vya plastiki vilivyokuwa vichwani vingeshuka vikiwa silaha.

"Saini ni yangu," alisema. "Wewe uliingiza nilichokupa."

Akasimama. Rula alikuwa nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, nimekosea namba," alisema Kiredio. "Kata ya sokoni. Mwandishi alisoma aliyeongoza kwanza, mimi nikafuata mpangilio wa fomu. Nilirudia namba, sikurudia majina. Imekaa hewani saa moja na dakika ishirini. Nimempigia, amethibitisha."

Rula alivaa miwani, akaitazama fomu. Hakuuliza kwa nini. Alibonyeza kitufe cha kuongea na studio na kusema, "Ondoeni lile jimbo kwenye skrini. Lote. Narudi." Kisha akamgeukia Kiredio. "Kuna jingine?"

Palepale Kiredio alijua kwamba angeweza kusema hapana, na kwamba kosa lenyewe lingesamehewa.

"Mgombea namba moja ni shangazi yangu."

Fundi wa mitambo aligeuka kwenye kiti chake. Rula alikiweka kikombe chini taratibu.

"Jana niliuliza."

"Ndiyo, mama."

"Ukakaa kimya."

"Nilikaa kimya."

"Uliandika hivi makusudi?"

"Hapana. Lakini nadhani..." Alitafuta maneno. "Nadhani lingekuwa jimbo jingine ningeuliza ni ya nani. Hapa sikuuliza kwa sababu nilipenda nilichosikia."

Rula alivuta karatasi nyeupe na kuisukuma mbele yake.

"Kaa hapo. Andika sahihisho. Maneno thelathini, usijitetee. Una dakika tatu."

Kiredio aliandika. Alipomaliza, Rula alichukua kalamu na kukata mstari wa kwanza wote. "'Kutokana na hitilafu ya mawasiliano.' Hitilafu ya mawasiliano ni nani? Ana mikono? Rudia."

Aliandika tena. Safari hii Rula alihesabu maneno kwa ncha ya kalamu, kila idadi ya kura iliyoandikwa kwa tarakimu ikiwa neno moja, akatikisa kichwa kukubali, akaipeleka studio mwenyewe. Kupitia kioo Kiredio alimwona mtangazaji akiisoma kwanza kimya, midomo ikichezacheza. Kisha taa nyekundu ikawaka, na ile sauti aliyokuwa akiiiga mlangoni kwao akiwa mtoto ikasoma maneno yake mwenyewe:

"Tulionyesha kwamba katika kata ya sokoni mgombea namba moja alipata kura elfu sita mia nne na kumi na mbili. Si kweli. Kura hizo ni za mgombea namba mbili. Namba moja alipata elfu mbili na themanini na saba. Kosa ni letu. Tunaomba radhi."

Ilisomwa mara tatu ndani ya nusu saa, kwa amri ya Rula. Namba mpya zikatokea. Shangazi alikuwa nyuma kwa kura elfu tano na mia nne na ushei, na kata moja iliyobaki isingemwokoa. Yalikuwa maandishi ya kwanza ya Kiredio kusomwa kwenye televisheni ya taifa, na hakuna aliyempongeza.

Hakurudishwa kwenye meza. Nafasi yake alipewa yule mwenye baba mdogo mgombea, kwa sharti la kutogusa jimbo la baba mdogo. Kiredio alipangiwa kupeleka karatasi kutoka kwenye mashine ya kuchapisha hadi studio, na aliifanya kazi hiyo hadi alfajiri bila kukaa. Suti alipompita kwenye korido alimshika kiwiko tu, akaondoka.

Asubuhi mama yake alipiga simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia na kumaliza.

"Ni kituo chenu kilichotupandisha juu kisha kikatubwaga?"

"Ni mimi, mama. Mimi niliyeandika vibaya, na mimi niliyesahihisha. Na juzi walipouliza nani ana ndugu anayegombea, sikuinua mkono."

"Usimwambie baba yako leo," alisema mama. "Mwache alale kwanza."

Hata hivyo baba yake aliambiwa, na ukoo mzima ukaambiwa, kwa maana mama hakuwahi kuweza kulitunza neno hata usiku mmoja. Siku ya tano Kiredio alipanda basi la alfajiri, akafika kwa shangazi jioni. Nyumbani hakumkuta. Alielekezwa sokoni, na huko alimkuta mbele ya ukuta mrefu wa choo cha umma, kavaa kanga kiunoni, ana ndoo ya maji ya sabuni na kisu cha kukwangulia rangi. Alikuwa anabandua mabango yake mwenyewe.

"Sheria inasema siku saba," alisema shangazi kabla ya salamu, kana kwamba walikuwa wameachana dakika tano tu. "Mwenzangu ameshinda, yake yatabanduliwa na vijana wake. Yangu yananingoja mimi. Aliyeyabandika alitumia gundi ya kushikia meli."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Chukua brashi."

Wakafanya kazi. Kwenye ukuta, uso wa shangazi ulikuwa unatoka vipande vipande, kwanza paji, kisha shavu. Jicho moja lilikataa kabisa.

"Nimekuja kukuomba radhi," Kiredio alisema. "Kwa ile saa moja."

Shangazi alicheka kidogo. "Ile saa moja! Mimi nilikuwa na mawakala kila kituo, mwanangu. Saa nne kamili nilikuwa nimeshapata karatasi zote za sokoni hapa mkononi. Nilijua nimeshindwa. Ghafla TV inasema nimeshinda, na watu wamenibebea viti. Niwaambie nini? Ukiwaambia watu wanaocheza kwamba wameshindwa, watasema umenunuliwa. Nikakaa. Nikasema, aliyekosea atasema mwenyewe, Mungu akipenda kabla hawajavunja kitu."

"Walivunja?"

"Viti viwili, tena kwa kucheza. Jimbo letu lilipotoweka kwenye skrini na wakaanza kupandisha hasira, yule bwana akasoma lile tangazo lenu. 'Kosa ni letu.' Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Liliposomwa mara ya pili kila mtu alikuwa amekaa. Mara ya tatu, wakaanza kwenda kulala." Alichovya kisu kwenye ndoo. "Lilikuwa tangazo zuri. Fupi."

Kiredio hakusema ni nani aliyeliandika. Kisha aliona ule ni ukimya mwingine wa aina ileile, akasema, "Niliandika mimi."

Shangazi aliacha kukwangua. Alimtazama kwa macho ya mwalimu mkuu, yale yaliyowahi kunyamazisha wanafunzi mia sita kwa mpigo.

"Basi hilo sina neno nalo. Lenye kuniuma ni jingine. Mama yako amenieleza kwamba mliulizwa nani ana ndugu, na mkono wako haukuinuka. Ulinionea haya?"

"Hapana, shangazi! Niliogopa wangeniondoa kwenye meza."

"Na wangekuondoa."

"Ndiyo."

"Wangefanya vyema." Alirudia kukwangua, safari hii kwa nguvu. "Mimi nimezunguka jimbo hili miezi mitatu nikitaja jina langu kwa watu wasionijua. Mtu wangu wa damu akashindwa kulitaja mara moja mbele ya wanaomjua. Hilo litaniuma kidogo. Litapoa, lakini usiniharakishe."

"Sitakuharakisha."

Ripoti ya mafunzo kwa vitendo ilifika chuoni mwezi uliofuata. Rula alikuwa ameijaza kwa mkono. Penye uangalifu alimpa alama nne katika kumi. Penye maoni aliandika mistari miwili: "Alificha uhusiano wake na mgombea. Alipokosea, alisema mwenyewe bila kulazimishwa, yote mawili." Mkufunzi wake aliisoma mara mbili, akasema hajui kama hiyo ni sifa au lawama. Kiredio akasema anadhani ni taarifa tu.

Lakini jioni ile sokoni hayo yote yalikuwa bado. Wauza nyanya walikuwa wanafunga vibanda vyao, na mmoja wao, mama mnene mwenye kofia ya kampeni ya yule mbunge, alisimama akawatazama, akatua kapu lake chini.

"Mwalimu," alisema, "gundi hiyo haitoki kwa maji baridi. Ngojeni niwaletee ya moto."

"Kura hukunipa, maji unanipa?" shangazi alimuuliza.

"Kura ni moja, mwalimu. Maji ninayo pipa zima."

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamwambia Kiredio ahamie upande wa juu wa ukuta, kwa sababu mkono wake mwenyewe haufiki.